Usahihi wa takometa ya gari la zamani: maana yake na namna ya kuupima

Takometa ni ile saa ya kwenye dashibodi inayoonyesha krenki ya injini, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Madereva wengi huiita saa ya RPM. Tunaposema kwamba takometa ni sahihi, tunamaanisha kwamba namba inayoonyeshwa na mshale inalingana na mizunguko halisi ya krenki, kwa tofauti ndogo inayovumilika, na kwamba inalingana hivyo katika uso wote wa saa, si mahali pamoja tu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Saa inaweza kusema kweli kwenye 1000 na kupotoka kwa mizunguko 400 kwenye 4000, na fundi aliyeipima injini ikiwa kwenye sailensa peke yake, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, akamwambia mwenye gari kwamba ni nzima.

Usahihi pia si sawa na uthabiti. Mshale unaoonyesha 3300 kila mara injini inapokuwa kwenye 3000 si sahihi, lakini ni thabiti, na saa ya namna hiyo inarekebishika. Mshale unaoonyesha 3000 leo na 3400 kesho, injini ikiwa katika mwendo uleule, una ugonjwa mwingine: waya uliolegea, eathi (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi) mbovu, au kipuri cha ndani kilichochoka. Usianze kupima usahihi kabla hujaridhika kwamba saa ni thabiti, kwa sababu utakuwa unapima kitu kinachohamahama.

Katika magari mengi ya petroli ya zamani, takometa ya umeme haiioni krenki kabisa. Inachohesabu ni cheche. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko wa krenki, ya silinda sita hutoa tatu, na ya silinda nane hutoa nne. Kwa hiyo injini ya silinda nne inayozunguka mara 3000 kwa dakika hutoa cheche 6000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Hesabu hiyo ndogo ndiyo ufunguo wa upimaji wote, na ndiyo inayoeleza kosa moja linalotokea sana kwenye magari yaliyobadilishwa vipuri: saa iliyotolewa kwenye gari la silinda sita ikifungwa kwenye la silinda nne, itaonyesha theluthi mbili tu ya ukweli, na 3000 itasomeka 2000. Magari ya dizeli hayana cheche. Mengi huchukua ishara kutoka kwenye altaneta, kifaa cha kuzalisha umeme kinachozungushwa na mkanda wa injini, na humo ukubwa wa puli ukibadilika, usomaji hubadilika pia.

Tuchukue mfano wa MGB, gari dogo la wazi lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Mengi yake yalifungwa takometa ya Smiths. Katika aina moja ya saa hizo, waya mweupe unaopeleka umeme kwenye koili, kipuri kinachokuza umeme wa cheche, umepitishwa kwanza nyuma ya saa na kuzungushwa kama kitanzi, na saa huhisi mkondo unaokatika na kurudi ndani ya kitanzi hicho. Ni ubunifu ninaouheshimu, lakini una udhaifu wake: kapasita za ndani, vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, hubadilika thamani kwa uzee, na mwenye gari akiondoa pointi (swichi ya kukata na kurudisha umeme) za distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, na kufunga mfumo wa kielektroniki, umbo la ishara hubadilika, na mshale huweza kurukaruka au kulala kabisa ilhali saa yenyewe haijaharibika.

Njia ya kwanza ya kupima ni kuilinganisha na kifaa kingine kinachosoma krenki yenyewe. Takometa ya mkononi ya mwanga hufanya kazi hii vizuri: kipande kidogo cha karatasi inayoakisi hubandikwa kwenye puli ya krenki, injini huwashwa, na mwanga huelekezwa hapo. Mtu mmoja hushikilia mafuta kwenye 1000, 2000, 3000 na 4000 kwa mujibu wa saa ya gari, na mwingine huandika namba za kifaa. Mikono ya shati na vidole vikae mbali na feni na mikanda.

Njia ya pili haihitaji kifaa cha pekee, nami naipenda kwa sababu inamlazimisha mtu alielewe gari lake. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na nyingine sakafuni, upepo wa matairi ukiwa sahihi na dereva akiwa ameketi ndani, kisha sukuma gari mpaka tairi lizunguke mara kumi, na upime umbali. Tuseme umepata mita 18.8, basi mzunguko mmoja ni mita 1.88. Difu ya MGB, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma, ina uwiano wa 3.909, na gia ya nne ni moja kwa moja: krenki na shafti inayokwenda kwenye difu huzunguka sawasawa. Sasa tafuta barabara tulivu, iliyonyooka, yenye nguzo za kilomita, na uendeshe kwa mwendo usiobadilika kwa gia ya nne, bila overdrive (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini), huku abiria akishika saa ya sekunde. Kilomita moja kwa sekunde 40 ni mita 1500 kwa dakika. Gawanya kwa 1.88, utapata mizunguko 798 ya tairi. Zidisha kwa 3.909, utapata takriban 3120 za krenki. Hiyo ndiyo namba ambayo mshale ulipaswa kuonyesha. Klachi inayoteleza itaharibu hesabu hii, na gari la gia za otomatiki la zamani kwa kawaida halifai kupimwa hivi.

Njia ya tatu hufanyika mezani, saa ikiwa imetolewa, na ni ya fundi umeme anayejua anachokifanya. Umeme wa gridi ya Afrika Mashariki hupiga hezi 50. Ukishushwa kwa transfoma na kupitishwa kwenye daraja la dayodi, yaani dayodi nne zinazogeuza kila nusu ya wimbi kuwa pigo, hutoa mapigo 100 kwa sekunde, ambayo takometa ya silinda nne inapaswa kuyasoma kama 3000. Kwa dayodi moja ni mapigo 50, yaani 1500. Saa ya silinda sita isome 2000 na 1000. Jenereta ndogo haifai hapa, kwa kuwa mapigo yake hufuata mwendo wa injini yake.

Ukishapata namba zako tatu au nne, zitazame pamoja kabla ya kugusa chochote. Ikiwa saa inazidi kwa mizunguko 200 kila mahali, huenda mshale umehama kwenye sufuri yake. Ikiwa inazidi kwa asilimia 10 kila mahali, 1100 kwa 1000 na 3300 kwa 3000, tatizo ni la kipimo, na saa nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebishia ndani au nyuma; izungushe kidogo sana, kisha upime tena namba zote. Ikiwa kosa halifuati mpangilio wowote, skrubu haitasaidia, maana itanyoosha mahali pamoja na kupinda pengine. Pima pia mara moja taa kubwa zikiwa zimewashwa, kwa sababu saa isiyodhibiti volti zake huteremka mzigo ukiongezeka.

Kwa kuendesha tu, tofauti ya mizunguko 100 kwenye 3000 haimsumbui mtu. Kwa kuweka taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, ni jambo jingine: kitabu cha ufundi hutaja mizunguko mahususi kwa sababu distribyuta huisogeza cheche mbele kadiri injini inavyoharakisha, na anayeamini saa mbovu huweka taimingi mbovu. Kazi hiyo ifanywe kwa kifaa cha mkononi. Na kama saa ni thabiti lakini hutaki kuifungua, kikaratasi chenye safu mbili, inachoonyesha na iliyo kweli, kikibandikwa ndani ya kifuniko cha dashibodi, kinatosha.