Je, wajua kwa nini biti ya almasi hushindwa kuchora pete ya shaba?

Mkazi wa Mwanza, aliyezoea kuona miamba ya itale ikitobolewa ili kupisha misingi ya nyumba za mlimani, anajua kwamba kigumu hukatwa na kigumu zaidi, na kwamba hakuna jiwe linaloishinda almasi, ile ile inayochimbwa Mwadui, mkoani Shinyanga, tangu mwaka 1940. Kwa hiyo hushangaa anapopeleka pete ya shaba kwa sonara ili iandikwe jina, akamwona sonara huyo akiiacha biti ya almasi (biti ni kijiti kinachozungushwa na mota ili kuchora au kukata) na kuchukua kijiti cha chuma chenye meno machache, kisichozidi unene wa njiti ya kiberiti.

Sababu ni kwamba biti ya almasi haina meno. Ni shina la chuma lililopakwa punje za almasi, na punje hizo huchomoza kidogo sana juu ya madini yanayozishikilia. Itale ni jiwe linalovunjika, nalo likisuguliwa hutoa unga ambao maji huuondoa. Shaba, fedha na dhahabu hazivunjiki, bali hunyumbuka na kujisiliba katikati ya punje mpaka nafasi zote zikajaa, na tangu hapo biti husugua na kuchoma bila kukata. Juu ya chuma huongezeka tatizo jingine: almasi ni kaboni tupu, na chuma kikipata moto mkali huinyonya kaboni hiyo, hivyo punje huliwa upesi.

Kinachohitajika, basi, ni jino lenye makali na bonde mbele yake la kupokea chenga. Metali laini hutaka meno machache yenye mabonde mapana, na metali ngumu hutaka meno mengi yaliyokaribiana. Kasi nayo ina hesabu yake. Biti ya feleji, yaani chuma kigumu cha kutengenezea zana, yenye kipenyo cha mm 1, ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri takriban mita 28 kwa dakika, mwendo unaofaa kwa chuma cha kawaida. Biti ya mm 3 kwa mizunguko hiyo hiyo husafiri karibu mita 85, ikaungua makali kabla jina halijafika herufi ya tatu. Tone la mafuta au nta ya nyuki husaidia, ingawa haliponyi kasi iliyopita kiasi.

Biti hizi huweza kutengenezwa hapa hapa, na kwa maoni yangu fundi asiyewahi kujitengenezea hata moja hawezi kuzichagua vizuri dukani. Malighafi nzuri ni mkia wa duara wa tupa nyembamba ya sonara iliyokwisha makali, kwa kuwa tupa ni feleji ya kaboni. Keekee za kisasa hazifai kwa njia hii, maana feleji yake hutaka moto wa takriban nyuzi 1,200 ili ikomae, na jiko la mkaa haliwezi kuutoa kwa uhakika. Huzitambua kwenye jiwe la kunolea kwa cheche zake chache za rangi nyekundu iliyofifia, ilhali tupa hutoa cheche nyeupe zinazopasuka kama maua.

Mkia huo hupashwa moto hadi uwe mwekundu, ukafukiwa kwenye majivu upoe polepole na kulainika. Kisha hufungwa kwenye mota na kupewa umbo kwa tupa, na meno hukatwa kwa tupa ya pembetatu yakielekea upande ambao mota huzungukia, jambo ambalo wengi hulikosea mara ya kwanza na kupata biti inayoteleza tu. Baada ya hapo hupashwa tena hadi sumaku isiishike, takriban nyuzi 770, huongezwa moto kidogo, na papo hapo huchovywa kwenye mafuta. Sasa ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, hivyo husafishwa ing'ae na kupashwa pole kuanzia shinani, huku fundi akitazama rangi zikitambaa kuelekea kichwani. Rangi ya mabua makavu ya mpunga ikifika kwenye meno, karibu nyuzi 220, huchovywa mara moja; akichelewa hadi zambarau au buluu, meno yatakuwa laini mno.

Kwa chuma kigumu, kipande cha biti iliyovunjika ya kabaidi ya tungsteni, kitu kigumu kuliko feleji, hunolewa nusu duara hadi katikati kabisa ya kipenyo, kikabaki na ukingo mmoja tu wa kukata. Hapa ndipo almasi hupata kazi yake, kwa sababu jiwe la kawaida la kijivu haliifanyi kitu kabaidi, na gurudumu la almasi huinoa bila taabu. Ila vumbi lake lina kobalti inayodhuru mapafu, kwa hiyo hunolewa penye maji, na fundi akiwa amevaa barakoa.