Uchakataji wa sauti: kwa nini kigugumizi kinahusu pia kusikia

Ukipiga simu kwenye kipindi cha redio hapa Kampala, mara nyingi mtangazaji atakuambia kwanza: "Punguza sauti ya redio yako." Usipopunguza, maneno yako yanakurudia yakiwa yamechelewa kidogo, na ulimi unakuwa mzito. Unavuta silabi, unarudia neno, unasahau ulichopigia simu. Nawe huna kigugumizi hata chembe.

Kusikia hakuishii sikioni. Sikio hupokea mawimbi, ubongo huyatafsiri. Kazi hiyo ya ubongo ndiyo uchakataji wa sauti. Mtu anapozungumza, ubongo wake pia hulinganisha sauti inayotoka na ile aliyokusudia kuitoa. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza jinsi kuchelewesha sauti kwa sehemu ndogo tu ya sekunde kunavyomfanya hata msemaji fasaha akwamekwame kama mwenye kigugumizi.

Kwa wenye kigugumizi mambo hugeuka. Baadhi yao, wakisikilizishwa sauti yao kwa kuchelewa, husema vizuri zaidi. Na si kwamba ni viziwi: wengi wakipimwa masikio hukutwa wazima. Kwa kawaida, ubongo ukikaribia kutamka hupunguza mwitikio wake kwa sauti. Vipimo vya watu wazima wenye kigugumizi vimeonyesha upunguzaji huo kuwa hafifu. Sisemi hicho ndicho chanzo. Kigugumizi hurithiwa pia, na miaka mingi ya kukwama yaweza yenyewe kuubadili ubongo.

Walimu ndio ningependa walijue hili zaidi. Mtoto anakwama kuitikia jina lake rejista inapoitwa, kisha anasoma na darasa zima kwa sauti moja bila kujikwaa, na wimbo wa taifa anauimba wote. Basi anaambiwa anajifanya. Hajifanyi! Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 1996 zilionyesha kwamba watu wazima wenye kigugumizi wakisoma peke yao, sehemu za kusikia hufanya kazi kidogo kuliko kawaida. Wakisoma sambamba na mwingine, tofauti hiyo hupungua sana.

Vipo vifaa vya kuvaa sikioni vinavyochelewesha sauti, ila havimfai kila mtu, na nafuu yake kwa wengine hufifia. Kabla ya kununua, muone mtaalamu wa tiba ya usemi; Makerere inawafundisha. Kelele kubwa nayo, ikimfunika mtu asijisikie, huweza kulainisha usemi. Ndiyo maana sishangai konda mwenye kigugumizi akinadi safari katikati ya stendi ya taksi bila kukwama, halafu akwame akiulizwa chenji.