Kabla Hujahama Kutoka Uongozaji Kwenda Uhariri

Maombi mengi ya kubadili mchepuo, yaani fani ambayo mwanafunzi anabobea ndani ya shahada ya filamu, hunifikia wiki moja au mbili baada ya wanafunzi kupiga filamu fupi yao ya kwanza. Sishangai. Kijana aliyeingia chuoni akiota kuwa mwongozaji ametoka kushinda juani Ggaba, hapa Kampala, siku nzima. Waigizaji wawili hawakutokea, jenereta ya duka la jirani imeharibu sauti, na kundi zima limemtupia yeye lawama. Jumatatu asubuhi yuko mlangoni kwangu: "Mwalimu, nadhani mimi ni mhariri."

Huwa namuuliza kitu kimoja tu: unaikimbia kazi, au unawakimbia watu uliofanya nao? Wengi hunyamaza kidogo, kisha hucheka. Kundi hubadilika muhula unaofuata bila fomu wala ada. Mchepuo ni jambo jingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, nakuomba ukaifanye kazi unayoitamani angalau siku mbili katika filamu ya mwenzako. Anayetaka uhariri aketi na mhariri tangu faili zinapohamishwa kutoka kwenye kadi ya kamera, azipe majina, alinganishe sauti na picha, atazame teki (kipande kilichopigwa kwa mara moja) ileile mara 20 hadi ajue mwigizaji alipepesa jicho wapi. Ukipita nje ya chumba cha uhariri unaona mtu amekaa kivulini na chai yake. Mgongo wake huuoni. Anayetaka sauti naye ashike mti wa maikrofoni juu ya kichwa huku boda boda zikipita, aone mabega yanasemaje jioni. Bila jaribio hilo utaruka majivu ukanyage moto.

Kuna dalili nyingine ninayoiamini kuliko hamu ya mtu: unalalamikia nini ukitazama kazi za wenzako? Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Arua, mchepuo wa uongozaji, ambaye kila tulipokaa kutazama kazi za darasa alikuwa akisema habari za sauti. Mara mwangwi wa chumba, mara upepo, mara mlango umefungwa na hakuna aliyeusikia. Kuhusu uigizaji hakuwa na la kusema. Yeye sikumbishia hata kidogo alipoleta ombi lake. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuamua.

Sasa tuje kwenye makaratasi, ambako watu huumia. Kubadili mchepuo ndani ya shahada ileile, kwa mfano kutoka upigaji picha kwenda uandishi wa skripti, si sawa na kuhama shahada nzima, tuseme kutoka filamu kwenda uandishi wa habari. La kwanza kwa kawaida huanzia kwa mkuu wa idara. La pili hufika kwa msajili wa taaluma, na utaulizwa upya kama alama zako za kidato cha sita zinakidhi masharti ya huko unakokwenda. Dirisha lake ni finyu, mara nyingi wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Ukihama shahada, hakikisha pia kwamba programu unayoiendea ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Neno la rafiki bwenini halitoshi.

Kinachorefusha masomo ni krediti. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu Uganda, krediti 1 ni saa 15 za darasani, na saa 2 za vitendo huhesabiwa kama saa 1 ya darasani. Piga hesabu: somo la kamera la krediti 4, likiwa la vitendo matupu, ni saa 120 umeshika kamera. Ukihamia uandishi mwaka wa pili, masomo ya msingi ya mwaka wa kwanza, kama historia ya filamu na misingi ya hadithi, utakwenda nayo bila shida kwa sababu kila mchepuo huyasoma. Zile saa 120 zinaweza kuhesabiwa kama somo la hiari, au zisihesabiwe kabisa. Halafu yapo masomo yanayofuatana: huruhusiwi kusoma uhariri wa pili kabla ya uhariri wa kwanza, na somo likifundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, umechelewa mwaka. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiniambia anataka kuhama, karibu kila mara namshauri amalize.

Na kumaliza si adhabu. Makundi ya filamu Kampala ni madogo, na mtu mmoja hupiga picha mchana akahariri usiku. Mtayarishaji akikutafuta ataomba video fupi ya kazi zako, si hati ya matokeo. Aliyesoma kamera akihariri filamu 3 za wenzake ana cha kuonyesha kuliko aliyebadili jina la mchepuo akabaki na filamu moja. Hati hutazamwa kwa makini ukiomba shahada ya uzamili au ajira ya serikali. Ikiwa huko ndiko unakoelekea, basi jina la mchepuo lina uzito na inafaa kulipigania mapema.

Nyinyi mliotoka Kenya, Tanzania au Kongo, na mko wengi katika madarasa yetu, mwandikieni mfadhili kabla ya kusaini chochote. Barua ya ufadhili ikitaja kozi kwa jina, mabadiliko yasiyo na taarifa huweza kukata pesa katikati ya muhula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu la kanda lina makao yake hapa Kampala, lakini usidhani krediti zako zitavuka mpaka zenyewe ukiamua kurudi kumalizia nyumbani. Chuo kinachokupokea ndicho kitakachoamua kichukue zipi.

Wazazi nao wapewe habari mapema. Mzee mmoja alinipigia simu kwa ukali: "Mwalimu, nimelipa ada mtoto awe mwongozaji, leo naambiwa anashika waya!" Nilimwalika kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Alikaa safu ya nyuma, na jina la mwanawe lilipopita kwenye skrini alilipiga picha kwa simu.

Ukija kwangu, njoo na hati ya matokeo, kitabu cha mtaala wa mwaka ulioingia (hubadilika, usiazime cha mdogo wako), na karatasi ulikoandika masomo yatakayohama na yatakayobaki. Asubuhi ni bora. Mchana chumba cha pili huchanganya sauti na hatutasikilizana.