Namba ya tairi si saizi ya fremu

Ukienda kununua baiskeli ya mtumba hapa Mtwara, utaambiwa: "Wewe mrefu, chukua 28." Hapana. Hiyo 28 ni inchi za gurudumu. Fremu hupimwa kuanzia katikati ya ekseli inayozungushwa na pedali hadi juu ya bomba linaloshika siti, na baiskeli mbili za 28 zinaweza kupishana sana hapo.

Livuke bomba la juu, lile linalotoka kwenye siti kwenda usukani, usimame wima na viatu vyako. Kati ya bomba na msamba ibaki angalau sentimita 2 hadi 5. Likikugusa, iache, hata bei ikivutia.

Wengine husema siti ikipandishwa fremu yoyote inafaa. Siti husaidia miguu; mikono je? Urefu wa bomba la juu haubadiliki. Mdogo wangu alikuwa akienda Mikindani kwa fremu kubwa, amejinyoosha kuufuata usukani, anafika viganja vimekufa ganzi na shingo imekaza. Nilimwonea huruma kweli.

Kwa hiyo muombe muuzaji uzunguke nayo kidogo kabla ya kulipa. Viwiko vikunjike kidogo, mabega yatulie.