Mvua ya mlimani, na kwa nini kompyuta inaikosea

Hapa kwetu Pemba tuna vilima tu, mlima hatuna, ila ukivuka kwenda Tanga, kule juu ya Muheza kuna Usambara, na pale ndo utaielewa khasa mvua ya mlimani. Upepo unatoka baharini umejaa mvuke, unafika Usambara unakuta umezibiwa njia, lazima upande. Hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa, kama digrii 10 kwa kila mita 1,000, mpaka ule mvuke unageuka vitone na wingu linafanyika. Kuanzia hapo inapoa polepole zaidi, maana mvuke ukigeuka maji unatoa joto, na joto hilo ndo linaipa hewa nguvu ya kuzidi kupanda, sasa ikiwa masika na hali ya hewa yenyewe imeshachafuka inashuka mvua ya kukata barabara.

Amani, mlimani upande wa bahari, inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka nyuma kule Mkomazi, nchi kavu, miba mitupu! Hewa ikishamwaga maji yake inateremka, inapata joto, mawingu yanapotea.

Sasa modeli ya hali ya hewa ni programu ya kompyuta inayoikata nchi vipande vya mraba, na kila kipande kinapewa kimo kimoja tu cha ardhi. Tuseme kipande kina upana wa kilomita 25, ndani mna kilele cha mita 2,000 na mna bonde la mita 300, kompyuta inachukua wastani, mlima unageuka kilima kipana kisichofika popote. Upepo wa humo unapanda kidogo, kwa hiyo mvua inapungua pale penye mteremko na nyengine inapelekwa upande ambao kiukweli ni mkavu. Jamani hili si dogo, aliyejenga chini ya korongo anasikia utabiri wa mvua ya kawaida tu na maji yanayomfika ni ya kule juu.

Dawa ni vipande vidogo, kilomita 1 mpaka 4, ila ukipunguza upana kwa nusu kazi ya kompyuta inakuwa kama mara 8, maana vipande vinakuwa mara 4 na hatua za muda, yaani vile vipindi ambavyo kompyuta inapiga hesabu kimoja baada ya chengine, nazo lazima zifupishwe. Na hata ukivipata, utajuaje kama modeli imepatia wakati vipima mvua vingi viko mijini na viwanja vya ndege, mlimani vya kuhesabu? Mie naona pesa zianzie huko juu.