Miaka minne isiyo minne: tunavyolikosea Bunge la Alberta

Waswahili wa Edmonton na Calgary, miji ya jimbo la Alberta nchini Kanada, wanapobishana siasa, kila mmoja hulisoma Bunge la Alberta kwa miwani ya bunge la kwao. Mtanzania anatafuta viti maalumu. Mkenya anauliza seneti iko wapi. Mkongomani anataka kujua gavana wa jimbo ni nani. Hakuna ubaya kuuliza. Ubaya ni kujijibu kwa kukisia, halafu jibu likasambazwa kwenye makundi ya simu kama taarifa rasmi.

Dhana: Mbunge wa Alberta anakaa miaka minne, basi.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Kwa mujibu wa Katiba ya Kanada, kwenye Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982, bunge lolote, la shirikisho au la jimbo, lisipite miaka mitano. Vita, uvamizi au uasi vinaweza kurefusha muda huo, lakini wakipinga zaidi ya theluthi moja ya wabunge, haurefushwi. Mitano ndiyo mwisho wa kamba. Minne ni sheria ya kawaida ya jimbo, iliyopitishwa 2011, na aliyeitunga anaweza kuibadilisha Jumanne yoyote akiwa na kura za kutosha. Tena sheria hiyo haikugusa mamlaka ya Luteni Gavana, mwakilishi wa mfalme katika jimbo, ya kuvunja Bunge mapema, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kwa ushauri wa Waziri Mkuu wa jimbo.

Muulize Jim Prentice. Alishika uwaziri mkuu wa jimbo Septemba 2014, na kwa sheria uchaguzi ulitakiwa ufanyike masika ya 2016. Hakuungoja. Aliuitisha ufanyike tarehe 5 Mei 2015, chama chake cha Progressive Conservative kikiwa madarakani tangu 1971, na chama cha New Democratic Party (NDP) cha Rachel Notley kikakibwaga kwa viti 54. Prentice alishinda kiti chake cha Calgary-Foothills, na usiku uleule akatangaza anakiacha. Bunge lililokuwa limechaguliwa Aprili 2012 likawa limevunjwa kabla hata ya kutimiza miaka mitatu.

Muda unaweza kuvutwa upande wa pili pia. Uchaguzi wa 29 Mei 2023, ambao chama cha United Conservative Party (UCP) kilipata viti 49 na NDP 38, ulifanyika moto wa misitu ukiwaka na maelfu ya watu wakiwa wamehamishwa makwao. Uliofuata ulikuwa umepangwa 31 Mei 2027. Mwaka 2024 Bunge likausogeza hadi 18 Oktoba 2027, kwa maelezo kwamba Mei ni msimu wa moto. Sababu ina uzito, sikatai. Lakini angalia kilichotokea: wabunge walijiongezea miezi minne na zaidi kwa kura zao wenyewe, bila kugusa Katiba. Nchini Kenya, Jumanne ya pili ya Agosti imo ndani ya Katiba yenyewe; huwezi kuisogeza kwa muswada wa kawaida.

Na hata bila ya hayo yote, serikali ikishindwa kura ya bajeti au ya imani, kalenda haiiokoi.

Dhana: Akifukuzwa chamani, ubunge umekwisha.

Hapa ndipo mtu wa kwetu anapopotea kabisa, na si kosa lake. Katiba ya Tanzania inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Katiba ya Kenya nayo inamvua kiti anayejitoa kwenye chama kilichomdhamini. Alberta kiti ni cha mtu. Chama kinaweza kumtoa kwenye kikao chake, kumnyima nafasi ya kuuliza maswali, kumhamishia kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Ubunge wenyewe hakiugusi. Mwaka 2025 Scott Sinclair na Peter Guthrie walifukuzwa kutoka kundi la wabunge wa UCP, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakaendelea kukaa bungeni kama wabunge huru.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Desemba 2014. Kiongozi rasmi wa upinzani, akiongoza chama cha Wildrose, alivuka ukumbi pamoja na wenzake wanane wakahamia chama tawala kwa mpigo. Kiongozi huyo alikuwa Danielle Smith. Hakukuwa na uchaguzi mdogo hata mmoja, wala mahakama haikuitwa. Wapiga kura walisubiri mwaka uliofuata, na wanachama wa Highwood wakamnyima hata tiketi ya kugombea. Ndiye huyohuyo aliyerudi na kuwa Waziri Mkuu Oktoba 2022.

Dhana: Waziri Mkuu wa jimbo huchaguliwa na wananchi wote, na lazima awe mbunge.

Yote mawili si kweli. Jina la kiongozi huwa kwenye karatasi ya kura ya eneo bunge lake tu. Anayeongoza serikali ni yule ambaye wabunge walio wengi wanamkubali, kwa kawaida kiongozi wa chama chao. Smith aliapishwa 11 Oktoba 2022 kwa kushinda uchaguzi wa ndani wa UCP, hana kiti popote. Akakipata Novemba katika uchaguzi mdogo wa Brooks-Medicine Hat. Mwaka 1989 Don Getty aliongoza chama chake kushinda jimbo zima huku yeye mwenyewe akiangushwa Edmonton-Whitemud. Hakujiuzulu. Mbunge mmoja wa Stettler alimpisha, akaingilia mlango huo.

Upande wa upinzani ni hivyohivyo. Naheed Nenshi, meya wa zamani wa Calgary ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania, alichaguliwa kuongoza NDP Juni 2024 na akakaa mwaka mzima nje ya ukumbi. Aliingia kwa uchaguzi mdogo wa Edmonton-Strathcona tarehe 23 Juni 2025.

Dhana: Luteni Gavana ni pambo.

Hachaguliwi na mtu, hilo ni kweli. Huteuliwa na Gavana Mkuu wa Kanada kwa ushauri wa Waziri Mkuu wa nchi, kumwakilisha mfalme. Salma Lakhani, aliyeapishwa Agosti 2020, alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Ndiye Mwislamu wa kwanza kushika wadhifa huo katika jimbo lolote la Kanada. Muswada usiporidhiwa na mwenye cheo hicho hauwi sheria, hata ukipita kwa kura zote.

Kwa kawaida huridhia. Lakini mwaka 1937 John Bowen alikataa kuridhia miswada mitatu ya serikali ya William Aberhart: miwili ya kuzibana benki, na mmoja wa kuyabana magazeti. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema yote mitatu ilivuka mamlaka ya jimbo. Serikali ilijibu kwa kumfungia nyumba rasmi, ikamnyang'anya gari na katibu wake. Hicho ni kisasi cha serikali iliyojua vizuri kwamba mtu huyo si pambo.

Dhana: Mbunge akishaingia, hang'oki hadi uchaguzi.

Aberhart tena. Uchaguzi wa 1935 chama chake cha Social Credit kilizoa viti 56 kati ya 63, yeye hakugombea popote. Mbunge wa Okotoks-High River akampisha, akapita bila kupingwa. Mwaka 1936 serikali yake ikatunga sheria ya kuwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge kwa kukusanya sahihi za theluthi mbili yao. Wa kwanza kuandamwa? Aberhart mwenyewe, hukohuko Okotoks-High River. Bunge likaifuta sheria mwaka 1937, tena kufutwa huko kukahesabiwa kurudi nyuma, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mwaka 1940 akahamia kugombea Calgary. Sijui kama kuna mahali pengine duniani kiongozi alikimbia mtego wake waziwazi namna hiyo.

Sheria ya aina hiyo ilirudi, ikaanza kutumika 2022, ikiwa na masharti magumu kiasi kwamba watu waliiona ya mapambo. Mwaka 2025 serikali ikailegeza: sahihi sawa na asilimia 60 ya kura zilizopigwa uchaguzi uliopita katika eneo bunge, kwa siku 90. Kwanza akaandikiwa ombi waziri wa elimu, na baada ya mgomo wa walimu wa Oktoba mwaka huo kumalizwa kwa sheria, maombi dhidi ya wabunge wa chama tawala yakamiminika.

Dhana: Viti ni 87 tangu zamani, na vingine ni vya kuteuliwa.

Vya kuteuliwa hakuna. Lilianza na wabunge 25 mwaka 1905. Likafika 87 kwenye uchaguzi wa 2012. Na mwishoni mwa 2024 ilipitishwa sheria ya kuongeza viwili kwa uchaguzi unaofuata. Kilichokaribia viti maalumu kilikuwa cha vita. Mwaka 1917 askari na wauguzi wa Alberta waliokuwa ng'ambo walipewa wabunge wawili wao peke yao, wasio wa eneo lolote. Mmoja waliyemchagua ni Roberta MacAdams, luteni aliyekuwa akihudumu hospitali ya kijeshi Uingereza. Yeye na Louise McKinney wa Claresholm, waliochaguliwa mwaka huohuo, ndio wanawake wa kwanza kuingia bunge lolote katika himaya yote ya Uingereza.

Madogo madogo, kwa haraka. Bunge liko Edmonton, ingawa Calgary ndiyo kubwa zaidi. Seneti ya jimbo haipo. Wabunge 37 ambao Alberta inawapeleka Ottawa ni wengine kabisa, wana mipaka yao na uchaguzi wao. Ukienda kwa wa Ottawa kulalamikia foleni ya hospitali, atakuelekeza kwa wa jimbo, maana hospitali na shule ni za jimbo.

Na mwenye makazi ya kudumu hapigi kura, hata akiwa amelipa kodi miaka kumi. Lazima awe raia, ametimiza miaka 18, na anaishi Alberta. Lakini ofisi ya mbunge katika eneo lako haimhudumii mpiga kura peke yake. Anayeishi hapo, raia au siye, anaweza kubisha hodi.