"Zote si zinafuata POSIX, fundi?"

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa duka la vifaa pale Mwanga. Seva yake ya mauzo inaendeshwa na FreeBSD, programu aliyonunua ni ya Linux, mfumo endeshi mwingine. "Itaenda tu, fundi. Zote si zinafuata POSIX?" POSIX ni kanuni ya pamoja ya jinsi mifumo endeshi inavyopaswa kuzijibu programu. Kauli hiyo ya kwamba zote zinaifuata nimeisikia Mwanga na Ujiji, na wanaoniambia hivyo ndio haohao wanaonipigia simu usiku ripoti zikikwama.

Programu hiyo haikujaribiwa juu ya POSIX. Ilijaribiwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, pamoja na pale Linux inapokwenda kinyume na POSIX. Chukua wito wa unlink, ombi ambalo programu huituma kerneli ifute faili. Ukiuelekeza kwenye saraka (folda) badala ya faili, POSIX inataka jibu liwe EPERM ("hairuhusiwi"), na FreeBSD hujibu hivyo. Linux hujibu EISDIR ("hii ni saraka"). Sasa kuna programu inayofuta nakala za zamani: inaita unlink kwanza, ikipata EISDIR inajua hapa pana saraka, inaingia ndani. Ipe EPERM, jibu sahihi kabisa kikanuni, itadhani imenyimwa ruhusa na itaacha kazi njiani. Ndiyo maana tabaka la Linux ndani ya FreeBSD, sehemu inayoendesha programu za Linux, likipata EPERM hurudi kukagua njia ile, na likikuta saraka hugeuza jibu kuwa EISDIR. Walioliandika waliacha maelezo ndani ya msimbo kwamba hapo wanaingiza tabia ya Linux isiyofuata POSIX. Wamefanya makusudi, na wamefanya vizuri.

Wito wa select nao, ule wa kusubiri data kwa muda maalumu: Linux hupunguza muda uliopewa ubaki ule ambao haujatumika, FreeBSD huuacha ulivyo, na POSIX inaruhusu yote mawili. Kanuni hapo haikusaidii lolote; tabaka linalazimika kupima saa na kuandika salio. Hata namba za makosa hazilingani. 11 kwenye Linux ni EAGAIN ("jaribu tena"), kwenye FreeBSD ni EDEADLK ("mkwamo wa kufuli"). 35 ni kinyume chake.

Wengine husema Wine, ile inayoendesha programu za Windows nje ya Windows, ni emuleta, yaani kiigizo cha kompyuta nyingine. Sivyo. Haiigizi prosesa, maagizo ya programu yanakwenda kwenye prosesa moja kwa moja, na Wine inaitikia miito ya Windows tu.

Na WSL, njia ya kuendesha programu za Linux ndani ya Windows, si kitu kimoja. Ile ya kwanza, ya 2016, ilitafsiri miito ya Linux ndani ya kerneli ya Windows. Ya pili, iliyotangazwa 2019, ina kerneli halisi ya Linux kwenye mashine pepe. Ukiniletea tatizo, niambie kwanza ni ipi.

Tafadhali, usiniambie programu "inafanya kazi" kwa kuwa dirisha limefunguka. Ipe saraka mahali pa faili. Jaza diski. Kata mtandao katikati ya mauzo. Kisha iendeshe chini ya truss, zana inayoonyesha kila wito na jibu lake, usome jibu la mwisho kabla haijaanguka. Kijana wa Mwanga nimemwambia aje Jumamosi na nakala ya data, seva aiache dukani.